Kutoka 10/10 hadi upofu wa kisheria: jinsi ya kusoma vipimo vya macho

Familia nyingi za Bukavu, mashariki mwa Kongo, zina karatasi za macho zinazotoka pande tatu. Mama amepimwa hapa mjini, karatasi yake imeandikwa 2/10. Mjomba amevuka mto Ruzizi akapimwa Rwanda, amerudi na 6/60. Dada mkubwa aliyehamia Marekani anatuma kwa WhatsApp picha ya cheti chenye 20/200, na daktari wake ameandika kwamba kisheria yeye ni kipofu. Hofu inaingia nyumbani, wakati dada huyo bado anapika, anasoma ujumbe kwenye simu akiusogeza karibu, na anawatambua watoto wake wakiingia mlangoni. Pengine hakuna aliyeona kwamba namba ya mjomba na ya dada ni kitu kimoja, wala kwamba mama, ambaye kila mtu anamlilia, anasoma herufi ndogo mara mbili kuliko wale wawili.

Namba ya macho haina maana mpaka ujue mambo matatu: imepimwa kwa umbali gani, ni ya jicho lipi, na mtu alikuwa amevaa miwani au hakuvaa. Ukishayashika hayo, unaweza kusoma karatasi yoyote, iwe ya Bukavu, Kigali au Chicago, na unaweza kujua neno “kipofu” limetumika kwa haki au limetumika mapema mno.

Namba mbili na mstari katikati

Anza na 6/60. Namba ya kwanza ni umbali uliosimama kutoka kwenye chati, yaani ubao wa herufi za kupimia macho: mita 6. Namba ya pili ni umbali ambao mtu mwenye macho mazima angesimama na bado akaisoma herufi hiyohiyo: mita 60. Kwa hiyo mjomba lazima asogee hadi mita 6 ili asome kibao ambacho wengine wanakisoma wakiwa mita 60. Marekani wanapima kwa futi, na futi 20 ni karibu mita 6, ndiyo maana 20/200 na 6/60 ni kipimo kimoja.

Namna hiyo ya kupima ilitoka kwa Herman Snellen, daktari wa macho wa Utrecht, Uholanzi, aliyetoa chati yake mwaka 1862. Hakuchagua ukubwa wa herufi kwa kubahatisha. Digrii moja ya pembe inagawanywa katika dakika 60, na jicho zima linaweza kutenganisha mistari miwili iliyoachana kwa dakika moja tu. Snellen alichora herufi ambazo kila mstari wake una unene wa dakika moja na herufi nzima ina urefu wa dakika tano. Ukisimama mita 6, herufi hiyo ina urefu wa milimita 8.7 hivi. Hiyo ndiyo 6/6.

Kongo tulirithi namna ya Kifaransa. Ferdinand Monoyer, daktari wa Ufaransa, alitengeneza chati ya mistari kumi inayosomwa kutoka mita 5. Mstari wa juu ni 1/10, wa chini ni 10/10. Hapa namba ya chini si umbali, ni sehemu za kumi tu. Ili kuhamisha kipimo kutoka lugha moja kwenda nyingine, gawanya ya juu kwa ya chini. 6/6 ni moja kamili, yaani 10/10. 6/12 ni 5/10. 6/18 ni kama 3/10. 6/60 na 20/200 zote ni 1/10. 3/60 ni nusu ya 1/10, na karatasi za Kifaransa huiandika 1/20.

Watu wengi wanasoma 1/10 kama vile mgonjwa amebakiwa na asilimia kumi ya macho. Si hivyo. Kipimo hiki kinasema tu ukubwa wa herufi ndogo unayoweza kuisoma katikati ya macho yako. Hakisemi chochote kuhusu unavyoona pembeni, gizani, au kwenye jua kali. Tena ngazi za chati hii hazilingani. Kutoka 10/10 kushuka hadi 9/10 ni tofauti ndogo ambayo hata uchovu unaweza kuileta. Kutoka 2/10 kushuka hadi 1/10 ni jambo zito, maana sasa unahitaji herufi kubwa mara mbili. Kwa sababu hiyo watafiti hutumia chati ya aina nyingine, iliyobuniwa Australia na Bailey na Lovie mwaka 1976, ambayo kila mstari una herufi tano na ngazi zake zinalingana. Ukikuta karatasi yenye neno logMAR, jua inakwenda kinyume: 0.0 ndiyo 10/10, 0.3 ni 5/10, 1.0 ni 1/10, na 1.3 ni 1/20. Namba ikipanda, macho yameshuka.

Dioptri si sehemu ya kumi

“Nina kutoa nne, kwa hiyo nimebakiza sita.” Sentensi hiyo inazunguka sana, na inawatesa watu bure. Namba yenye alama ya kujumlisha au kutoa ni nguvu ya kioo cha miwani, na inaitwa dioptri, kipimo alichokipendekeza Monoyer huyohuyo mwaka 1872. Haipimi unaona kiasi gani. Inapima kioo gani kinahitajika ili taswira iangukie pale panapotakiwa ndani ya jicho.

Njia rahisi ya kuielewa kwa mtu asiyeona mbali: gawanya mita moja kwa namba hiyo. Mwenye -2.00 anaona sawasawa hadi sentimita 50, kisha ukungu unaanza. Mwenye -4.00 anaishia sentimita 25. Mwenye -10.00 anaishia sentimita 10. Mwanafunzi mwenye -4.00 bila miwani anaweza kushindwa hata mstari wa 1/10. Akivaa miwani yake anasoma 10/10. Huyo si kipofu kwa sheria yoyote duniani. Ni mtoto asiye na miwani, na kumkalisha nyuma ya darasa la watoto wengi ni kumwibia mwaka wa shule.

Herufi zilizoandikwa kwa haraka

Karatasi zetu zimeandikwa kwa Kifaransa, na mara nyingi kwa vifupisho. OD ni jicho la kulia, OG ni la kushoto. Ukipimwa ng'ambo ya Ruzizi au Marekani, la kushoto litaandikwa OS. SC maana yake bila miwani, AC ni pamoja na miwani. Hapo ndipo pa kutazama kwanza. “OD 1/10 SC, 8/10 AC” ni habari njema. “OD 1/10 AC” ni habari nyingine kabisa.

TS ni kusoma kupitia tundu dogo, jaribio ambalo nitalieleza chini. P2 ni usomaji wa karibu, maandishi madogo ya kawaida kwenye chati ya Parinaud. Kwenye karatasi ya miwani utakuta Sph, nguvu kuu ya kioo. Cyl na Axe, marekebisho ya jicho ambalo uso wake haukupinda sawa pande zote, pamoja na mwelekeo wake kwa digrii. Na Add, nyongeza ya kusomea kwa mtu aliyepita umri wa miaka 40 hivi.

Mgonjwa asiposoma hata herufi kubwa, daktari anaacha sehemu za kumi. CLD ni kuhesabu vidole, na lazima umbali uandikwe: kuhesabu vidole kwa mita 3 na kwa sentimita 30 ni macho mawili tofauti. VBLM ni kuona mkono ukitikisika. PL+ ni kuona mwanga, PL- ni kutouona kabisa. Usichukulie PL+ kama mwisho wa safari. Mtu mwenye mtoto wa jicho aliyekomaa anaweza kuwa na PL+ tu, na baada ya upasuaji akarudi kusoma. Ila kama ni PL-, upasuaji wa mtoto wa jicho hautarudisha chochote, na yeyote anayekuahidi vinginevyo anataka pesa zako.

Kupima nyumbani, hatua kwa hatua

Kipimo cha nyumbani hakichukui nafasi ya daktari. Kinakusaidia kujua uende lini, na uende na maneno gani. Unahitaji karatasi nyeupe, kalamu nyeusi nzito, rula, na futi ya fundi au kamba uliyoipima.

1. Chora herufi E tano, kila moja kwenye karatasi yake. Kila E inaingia kwenye mraba: urefu na upana sawa, mikono mitatu na nafasi mbili katikati, zote kwa unene mmoja, yaani moja ya tano ya urefu. Kwa umbali wa mita 5, E ya 1/10 ina urefu wa milimita 73, ya 2/10 milimita 36, ya 3/10 milimita 24, ya 5/10 milimita 14 na nusu, na ya 10/10 milimita 7 na kitu. Hiyo ya mwisho ni ngumu kuichora kwa mkono. Ukiweza kuichapisha kwenye duka la fotokopi, afadhali.

2. Pima mita 5 kamili, kutoka jicho hadi karatasi. Nyumba nyingi za Kadutu au Panzi hazina chumba cha urefu huo, basi pima uani au barazani. Au tumia mita 2 na nusu, na kila E ikatwe nusu ya urefu wake.

3. Pima mchana. Karatasi iwe kwenye mwanga wa kutosha lakini jua lisiipige moja kwa moja, na anayepimwa asiwe ametazama jua. Usipime jioni umeme ukiwa umekatika, utapata namba ya taa badala ya namba ya jicho.

4. Funika jicho la kushoto kwa kiganja, bila kulibonyeza. Watoto huchungulia katikati ya vidole, kwa hiyo msimamie. Geuza E juu, chini, kulia, kushoto, na yeye aonyeshe kwa mkono mikono ya E inaelekea wapi. Njia hii inamfaa hata bibi ambaye hakwenda shule. Akipata mara nne kati ya tano, amepita. Nenda kwenye ndogo zaidi. Kisha pima jicho la pili.

5. Akishindwa E ya milimita 73, msogeze. Akiiona kwa mita 2 na nusu tu, ana 1/20. Akiiona kwa mita 1, ana 1/50. Andika umbali.

6. Rudia yote akiwa na miwani yake, kama anayo. Andika safu mbili: bila, na pamoja.

7. Sasa tundu. Chukua kadi ngumu, itoboe kwa sindano tundu la milimita moja hivi, achungulie E kupitia hapo. Tundu huzuia miale iliyotawanyika, inabaki ile inayopita moja kwa moja, na ukungu unaosababishwa na kukosa miwani unapungua. Akipanda kutoka 2/10 hadi 6/10 kwa tundu, yaelekea anachohitaji ni miwani. Asipopanda hata kidogo, shida yaelekea iko kwenye konea (uso angavu wa mbele ya jicho), au kwenye kioo cha ndani ya jicho, au kwenye retina (utando wa nyuma unaopokea taswira), au kwenye neva ya jicho, na hapo hakuna miwani ya sokoni itakayomsaidia.

Jicho lolote lililo chini ya 5/10, au macho mawili yanayotofautiana kwa mistari miwili au zaidi, yapelekwe kwa daktari. Kwa mtoto usingoje. Jicho lililoachwa nyuma katika miaka ya mwanzo, ubongo hujifunza kulipuuza, na baada ya umri wa miaka saba au minane kulirudisha ni kazi ngumu. Na mtoto mchanga anayeonekana ana weupe katikati ya mboni apelekwe wiki hiyohiyo. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani ya retina inayoua.

Miwani ya kusomea inayouzwa tayari sokoni Kadutu siikatai kwa mtu wa miaka 45 ambaye macho yake yote mawili yanalingana. Ninachokataa ni matone. Matone yenye kotizoni, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, yananunuliwa bila karatasi kwa ajili ya macho ya watoto yanayowasha, yanatuliza kweli, kisha mama anaendelea nayo miezi na miezi. Kotizoni ya muda mrefu inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Mtoto aliyekuwa na mwasho tu anaweza kuishia na neva iliyokufa.

Kipimo ambacho chati haikionyeshi

Unaweza kuwa na 10/10 na ukawa kipofu kisheria. Inatokea kwa sababu chati inapima katikati tu, na ugonjwa kama glakoma, ambao watu huuita presha ya macho, kwa kawaida hula pembeni kwanza, bila maumivu, miaka na miaka. Mtu anagonga milango, anakanyaga bidhaa zilizopangwa chini sokoni, anashtuliwa na pikipiki iliyotokea ubavuni, na wenzake wanasema ana haraka. Kwa watu weusi glakoma huanza mapema zaidi na huharibu kwa kasi zaidi. Ukiwa na mzazi au ndugu aliyeugua, pima presha na neva ya jicho kuanzia miaka 40, hata kama unasoma mstari wa mwisho.

Jaribio la nyumbani ni hili: kaeni uso kwa uso, mita moja kati yenu. Yeye afunike jicho la kushoto, wewe funika la kulia, mtazamane jicho kwa jicho bila kuhamisha macho. Leta kidole chako kinachotikisika kutoka pembeni, katikati ya umbali wenu, kutoka juu, chini, kulia na kushoto. Kama macho yako ni mazima, mnapaswa kukiona karibu wakati mmoja. Wewe ukikiona muda mrefu kabla yake, andika upande gani. Eneo lote ambalo jicho linaliona bila kuhama linaitwa uwanda wa kuona, na hospitalini mashine huupima kwa digrii. Jicho zima linaona karibu digrii 90 kuelekea upande wa sikio na 60 hivi kuelekea puani.

Mpaka wa kisheria katika nchi nyingi ni digrii 20 za upana mzima, yaani digrii 10 kila upande wa katikati. Ukitaka kujua ni kiasi gani, chora duara lenye upana wa sentimita 35 na lisimamishe mita moja mbele yako. Mtu huyo anaona yaliyo ndani ya duara hilo. Mita 3 mbele, dirisha lake ni mita moja tu. Mwache avuke barabara pale Place de l'Indépendance peke yake, utaelewa kwa nini sheria inamhesabu.

Kisheria, nani ni kipofu?

Hakuna tafsiri moja ya dunia nzima, na ndiyo maana karatasi ya dada inawachanganya watu wa nyumbani.

Marekani, kipofu kisheria ni mtu ambaye jicho lake bora, likiwa limevaa miwani bora inayowezekana, linaishia 20/200 au chini ya hapo, au ambaye uwanda wake hauzidi digrii 20. Tafsiri hiyo ilitolewa na chama cha madaktari cha Marekani mwaka 1934. Chati za zamani hazikuwa na mistari kati ya 20/100 na 20/200. Kwa chati mpya, tangu 2007, hifadhi ya jamii ya huko inamkubali mtu asiyeweza kusoma hata herufi moja ya mstari wa 20/100. Ufaransa mpaka uko chini zaidi: 1/20 kwa jicho bora lililorekebishwa.

Shirika la Afya Duniani lina ngazi. Aliye chini ya 6/12 hadi 6/18 ana upungufu hafifu. Chini ya 6/18 hadi 6/60, upungufu wa wastani. Chini ya 6/60 hadi 3/60, upungufu mkali. Na chini ya 3/60 ndipo neno upofu linaanza. Kwa hiyo dada mwenye 20/200 ni kipofu mbele ya sheria ya Marekani, na kwa ngazi za Shirika la Afya ana upungufu wa wastani. Ni macho yaleyale.

Tofauti nyingine ni kubwa kuliko hiyo. Shirika la Afya hupima mtu kama alivyokuja, na miwani yake kama anayo, bila kama hana. Sheria hupima kwa miwani bora. Ndiyo maana ripoti ya Shirika hilo ya 2019 iliweza kusema kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na kwamba wasiopungua bilioni 1 kati yao tatizo lao lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Wengi wa bilioni hiyo wanahitaji miwani au upasuaji wa mtoto wa jicho.

Katika sheria zote hizo zingatia jicho bora. Aliyepoteza jicho moja kabisa na la pili likabaki 9/10 ana ulemavu wa jicho moja, lakini si kipofu kisheria. Na wengi wanaoitwa vipofu kisheria wanaona kitu: mwanga, maumbo, rangi, hata maandishi makubwa. Mtu mwenye fimbo nyeupe akitoa simu na kuitazama, hadanganyi.

Kabla ya kukubali neno hilo kwenye cheti

Kwetu Kongo, kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya ulinzi maalumu, na sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inahusu kulinda na kuendeleza haki zake. Ili udai chochote shuleni, kazini au ofisini, cheti chenye neno “haoni” peke yake ni dhaifu. Mwombe daktari aandike kila jicho peke yake, bila miwani na kwa miwani bora. Uwanda wa kuona kwa digrii. Jina la ugonjwa. Na kama unatibika au hautibiki. Mwulize moja kwa moja: “Dokta, hapa kuna mtoto wa jicho? Miwani imejaribiwa? Tundu limejaribiwa?” Si utovu wa heshima, na daktari mzuri atafurahi kukujibu.

Kama jibu ni kwamba hakuna cha kurudisha, omba mambo mawili siku hiyohiyo. La kwanza ni tarehe ya kurudi kupima presha, kwa sababu katika glakoma 1/20 iliyobaki bado inaweza kulindwa kwa dawa. La pili ni ushauri wa kutumia macho yaliyobaki: kioo cha kukuzia, maandishi makubwa meusi kwenye nyeupe, taa iliyo karibu na karatasi, fimbo, nukta za Braille kwa anayesoma au anayetaka kusoma. Kwenye simu nyingi za Android kuna TalkBack, inayosoma kwa sauti kilicho kwenye skrini. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, iwashe, na kaa naye mpaka vidole vyake vizoee.

Weka karatasi zote za zamani kwenye bahasha moja, hata zile za miwani iliyovunjika. Daktari anayeona 6/10 ya mwaka 2019, 4/10 ya 2022 na 2/10 ya leo anajua kasi ya ugonjwa, na kasi hiyo ndiyo itakayoamua kama anakupa matone, upasuaji, au safari ya haraka.